Kidole Kilichovutwa

Mjukuu wangu Rebeka,

Tunakusalimu kutoka Juba. Babu yako amepona mguu, amerudi sokoni Konyo Konyo kuuza vitunguu. Unaniuliza kama mngoje kwanza kabla ya kumpa jina mtoto wenu aliyezaliwa kabla ya siku zake.

Nilipokuwa msichana ukimbizini Uganda, nguruwe wetu alizaa, na mtoto wa mwisho hakuweza hata kunyonya.

“Mwache, huyo haponi,” mama alisema.

Nikamfunga kifuani kwa kitenge, nikawa namdondoshea mdomoni maziwa niliyomkamua mama yake. Siku ya tatu akakikamata kidole changu, akakivuta kwa nguvu. Nikamwita mama. Akampa kidole chake, kikavutwa, akasema, “Mungu wangu, kumbe yumo!”

Nguvu ile ilitoka wapi, mpaka leo sijui. Mpe mtoto jina, Rebeka, uniandikie, nimtaje katika sala.

Bibi yako,
Marta