Sinia Langu Limesuguliwa kwa Mchanga

Sindo, Jumamosi, Novemba 1997

Jua limetoka. Siku sita nzima mawingu yamekaa juu ya ziwa kama wageni wasiojua kuaga, na leo ndiyo siku jua limeamua kuwaka, leo ambapo sina cha kuliwekea mbele. Nimechoka. Nimechoka na mawingu, nimechoka na mchanga, na nimechoka na watu wema.

Hasa watu wema.

Daftari langu, wacha niandike kwa utaratibu kabla hasira haijanivunjia kalamu. Tangu Jumapili iliyopita nimekuwa nikitengeneza hologramu, yaani picha inayoonekana imezama ndani ya bati, ukisogeza kichwa nayo inageuka kama kitu cha kushikika. Sina mashine yoyote. Nina sinia la alumini, bikari ya hesabu, na kurasa tatu alizonitumia rafiki yangu wa chuo aliyekwenda kusoma ng'ambo. Unabandika mchoro wenye nukta upande mmoja wa sinia. Unaweka mguu mmoja wa bikari kwenye nukta, na ule mwingine unakwaruza upinde mdogo kwenye alumini. Nukta moja, upinde mmoja. Ukimaliza zote unalipeleka sinia juani, na mwanga unaong'aa kwenye kila upinde unajikusanya kuwa picha.

Hivyo ndivyo kurasa zinavyosema. Kurasa haziishi Sindo.

Nafanya haya yote kwa sababu mwalimu mkuu anataka kuifuta Fizikia. Kuanzia Januari, wasichana wetu wakiingia kidato cha tatu, wachukue Kilimo na Sayansi Kimu, basi. "Madam, fizikia bila maabara ni hadithi," aliniambia mbele ya walimu wote. Nikamjibu kwamba naweza kufundisha mwanga bila maabara. Akasema vizuri, Jumatatu halmashauri ya shule inakutana, nije niwaonyeshe kitu kimoja tu. Wasichana kumi na saba wameandika Fizikia kwenye fomu zao. Mimi nilipokuwa shule kule Kehancha nilikuwa msichana peke yangu kwenye darasa la Fizikia, na mwalimu alikuwa akiniita "kijana" ili asisumbuke.

Sasa leo asubuhi. Naamka, naona jua, moyo unaruka. Nakwenda mezani nilikoliacha sinia limefunikwa kitambaa. Kitambaa kipo kimekunjwa vizuri. Sinia halipo.

Natoka nje, namwona mama mkwe anapanda kutoka ziwani na karai la vyombo kichwani. Kesho akina mama wa kanisa wanakuja kuombea hapa kwetu, na huku kwao vyombo vya mgeni lazima ving'ae. Wanavipeleka ufukweni, wanavisugua kwa mchanga mpaka sufuria nzee inafanana na iliyotoka dukani jana. Mwanamke anajulikana kwa sufuria zake. Na juu kabisa ya lile karai, likinimulika machoni, lilikuwa sinia langu.

"Nyar Kuria," akaniita, yaani binti wa Wakuria, maana miaka minne niliyoolewa hapa hajaniita jina lingine, "hii sinia ilikuwa imeharibika sana. Nimesugua mpaka mkono inauma."

Siku sita. Pinde mia moja na arobaini.

Nikamshukuru kwa lugha yao, "Erokamano, mama." Ningesema nini? Mama mkwe hafokewi, hata kwetu hafokewi. Nikazunguka nyuma ya jiko, nikaipiga ndoo teke, nikaumia kidole. Mume wangu, ambaye ananunua omena, wale dagaa wa ziwani, hapo ufukweni na anadhani kila kitu duniani kinaletwa tena kesho na mtumbwi mwingine, akanichungulia akasema, "Si uchore ingine tu?" Tu! Aki ya Mungu, kama ile ndoo ingekuwa karibu bado.

Lakini wewe, daftari, sikudanganyi. Kuna kitu sijamwambia mtu.

Ile picha ilikuwa haitoki.

Jumanne mawingu yalifunguka kama dakika kumi. Nikakimbia nje na sinia, nikaliinamisha hivi, nikaligeuza vile, nikafumba jicho moja. Nilichora mchemraba, kwa sababu mimi ni mjuaji na pembetatu niliiona ya watoto. Nikaona mikwaruzo. Mikwaruzo tu, kama ya kuku aliyetafuta mchwa. Na Jumatano mwalimu mkuu aliponiuliza nimefika wapi, nikamwambia, "Iko tayari, mwalimu." Nikaendelea kuongeza pinde jioni baada ya jioni, nikizidi kukandamiza, nikidhani ni nguvu ndizo zimepungua.

Kwa hiyo leo nilipoliona lile sinia limesafishwa, kabla ya hasira kulikuja kitu kingine kwanza.

Nilifurahi.

Nilifurahi, jameni. Nilishajipangia maneno ya Jumatatu: mama mkwe amelisugua, mnajua akina mama wa ziwani. Halmashauri wangecheka wote, wangenihurumia, mwalimu mkuu angesema pole sana, Madam. Kisha angechukua fomu kumi na saba akazipiga mstari mwekundu. Nafikiri nilipiga ndoo teke kwa sababu hiyo zaidi kuliko kwa sababu ya sinia.

Saa sita mchana nilikuwa nachambua mchele. Mama mkwe akavuta kigoda akaketi karibu.

"Umenuna tangu asubuhi. Nimekosa nini?"

Nikasema hakuna. Akasema hakuna haifanani hivyo. Basi nikamweleza. Mwanga, pinde, wasichana, Jumatatu, yote. Akanisikiliza mkono mdomoni.

"Hiyo ilikuwa kuandika? Mimi nilidhani umekata vitunguu juu yake! Nilikuwa naona aibu kwa niaba yako."

Nikacheka bila kupenda. Akalichukua sinia, akapitisha kidole. "Na ulikuwa unakwaruza kwa hasira gani? Ona, mchanga imeshindwa kutoa zingine."

Kweli, zilibaki chache. Nikaliinamisha juani. Mikwaruzo yangu ilikuwa mifereji, kingo zimechanika, haing'ai. Kando yake, alama nyembamba za mchanga wake, ambazo hata huzioni ukiwa kivulini, zilishika jua safi kabisa, na mstari wa mwanga ukawa unatembea kila nilipotikisa mkono. Mwalimu wa Fizikia mimi, mwenye cheti. Siku sita nimelima shamba kwenye sinia, na mtu ambaye hajamaliza darasa la pili amekwaruza vizuri kuliko mimi akiwa anaimba.

Nikamwambia nimekosea, nilikandamiza mno, na sasa sinia lenyewe limejaa alama za mchanga wake, halifai tena. Akainuka, akaenda nyumbani kwake. Alirudi na sinia lake jipya, lile la kabatini lenye karatasi ya duka bado. Lile sinia hata pasta hajawahi kuletewa chai juu yake. Nikakataa. Nikasema mama, hapana, hilo ni la wageni.

"Kwaruza," akasema. "Lakini polepole. Sinia haijakukosea."

Nikachora pembetatu ndogo kwenye kona. Niliacha bikari iteleze kwa uzito wake tu, kiasi kwamba nilidhani haiandiki kitu. Saa kumi tukatoka nalo nje.

Ikatokea. Pembetatu ya nukta za mwanga, imezama ndani ya alumini kama urefu wa kidole, imetulia. Nikisogea kushoto inasogea, nikisogea kulia inasogea. Nilipiga kelele. Mama mkwe akalichukua sinia, akatazama, akagusa, akakuta bati. Akaligeuza sinia haraka kuangalia nyuma.

"Iko wapi?" akauliza. Akaligeuza tena. "Sasa hii ndiyo wanataka kunyima watoto?"

Pembetatu moja haitoshi kwa halmashauri. Nahitaji mchemraba, nahitaji kesho nzima, na kesho kuna wanawake ishirini wa kulishwa na mimi ndiye mke wa hii nyumba. Nilikuwa bado natafuta namna ya kulisema hilo aliponitangulia.

"Kesho nitapika mimi. Wakiuliza uko wapi, nitasema uko kazini."

Mama mkwe kupikia wageni na mke yupo! Wataongea kuanzia hapa mpaka Mbita, na yeye anajua hivyo kuliko mimi. Sinia lake jipya limeshakwaruzwa kona moja na halitarudi kabatini. Nimekaa hapa na bikari mkononi, na sina tena mtu wa kumlaumu Jumatatu isipokuwa mimi mwenyewe. Naogopa kuliko nilivyokuwa asubuhi.