Nilikata Jibini ya Baba Mkwe Upande Mwembamba

Sainte-Maure, 12 Februari. Mwaka wa tatu tangu nitoke kwetu kaskazini.

Mpendwa Bi Huguette, naomba unisaidie, maana nimechoka mwili na sasa hata moyo. Mimi ni kibarua, napogoa mizabibu mpaka vidole havikunjiki, na nampenda Solène, binti wa Mzee Fernand, mfuga mbuzi ambaye mwaka jana mbuzi wake waliugua na nusu yao wakakauka maziwa. Jumamosi niliwaalika chakula cha jioni ili nipose, nikanunua mvinyo mweupe wa hapa hapa kama alivyonielekeza dada wa dukani, naye mzee akaja na jibini yake mwenyewe, ile ndefu kama gogo, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, yenye unyasi katikati, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Kwetu tunakula jibini ya ng'ombe na kushushia bia, sikujua kitu, nikaanza kukata upande mwembamba.

Mzee akashtuka. "We kijana! Unamkata mbuzi chuchu! Maziwa yatakauka! Geuza, anza upande mnene!"

Nilikuwa hoi, nikacheka. "Mzee, huyu keshakuwa jibini, chuchu ya nini tena?"

Solène alinikanyaga mguu. Mzee akasukuma glasi, akavaa koti. "Twende, binti yangu. Hapa tumeshiba."

Tangu hapo Solène hapokei simu, na posa sikupata hata kuitamka. Nimwandikie mzee, au niache tu? Nisiposikia neno la kunipa moyo, Pasaka narudi kwetu moja kwa moja, huku sirudi tena.

Ludovic

Ludovic mwanangu,

Pole kwa kazi. Mizabibu ya Februari naijua, mume wangu aliipogoa mpaka mgongo ukakataa. Lakini hata yeye, kwa uchovu wote ule, hakumcheka mgeni mezani. Kosa la kisu mzee angekusamehe kabla ya glasi ya pili. Kila mgeni huku tumemgeuzia jibini. Ila mtu aliyeona mbuzi wake wakikauka anakuletea kidogo alichobakiwa nacho, nawe unamfanyia mzaha wa maziwa! Habari ya ugonjwa umeiandika mwenyewe, kisha ukaipita mbio.

Usimwandikie. Kesho ukitoka shambani nenda zizini, mbuzi wanazaa sasa na mzee amezidiwa na kazi. Mwambie, "Nilikosa, nipe kazi." Atakutukana. Nyamaza, shika beleshi. Posa usiitaje mpaka akukaribishe mezani kwake.

Na Pasaka nenda kwenu ukawaone wazazi, lakini kata tikiti ya kwenda na kurudi.