Mguu wa Mama Unaochelewa

Jumanne, 7 Oktoba 2003
Miaka arobaini na nne leo tangu maji ya bwawa yafunike Kuzumata, kijiji chetu. Bado niko Tokyo.

Jioni nilikwenda bafu la mtaa. Nikaimba wimbo wa kinu, kama kawaida yangu — ukuta kati ya wanaume na wanawake haufiki darini, sauti hupita, kila mtu ananijua. Nilipotoka, msichana ananisubiri mlangoni, nywele zinachuruzika. Nagisa. Anatengeneza muziki wa katuni ya televisheni: samurai, panga, na midundo ya hip-hop! “Babu, ule wimbo ni wa nani?” Kwa nini aanze na swali hilo? Nikasema sijui. Nikaondoka.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nagisa alinialika tena; nimekwenda studio yao. Nichunguze tu.

Chai. Keki za maharage, nyingi mno kwa mgeni mmoja. Wakanionyesha samurai wao akivuka shamba la mpunga. Nilitafuta kosa: upanga uko kushoto, kamba za viatu sawa. Sikupata. Iliniudhi.

Nikaimba, nikikanyaga sakafu kwa mguu kama Mama alivyokanyaga kinu cha kwetu, ambacho mchi wake huinuliwa kwa mguu. Mchi ni mzito, huanguka baada ya neno, kidogo tu. Nagisa akaruka: “Babu, mguu unachelewa!” Haya, nikasema moyoni, sasa nitasahihishwa. Kumbe yeye: “Usiuguse! Mwezi mzima nahangaika na mashine nipate kuchelewa hivyo!” Kuwabara, mwongozaji, akamcheka: “Mzee ana mdundo kuliko wewe.”

Sifa za bure? Wanataka nirekodi wimbo; mwishoni mwa kipindi wataandika: Wimbo wa Kuzumata. Nimewaambia nitafikiri.

Jumatano, 15 Oktoba
Simu — Tokuzo, binamu yangu! Hajapiga tangu tumzike dada yake. Siku hizi ni mwenyekiti wa chama cha kuhifadhi wimbo wetu, huko mji mpya juu ya bwawa, walikohamia wenzetu.

Amejuaje? Nagisa amewapigia. Anataka nini kwao? Mwimbaji mwingine?

Tokuzo anasema mguu waliuondoa zamani. Wimbo huimbwa watu wameketi, wamevaa rasmi, wana cheti. “Kaka Seikichi, mama yako alikuwa anatwanga. Kule si kuimba.”

Nilishika simu hata baada ya yeye kukata.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nimembana Nagisa. Anaapa aliwapigia kuomba ruhusa tu, kwa adabu. Wamemtumia kanda yao. “Safi kabisa, Babu. Haina mtu ndani.” Kurekodi ni Jumatatu. Anasema nikiimba bila mguu atashukuru pia. Hilo nalo nimeligeuza-geuza usiku kucha — mtego uko wapi?

Jumatatu, 20 Oktoba
Tokuzo yuko chumbani kwangu. Kaja na treni ya asubuhi, na figili za kuchachushwa za nyumbani. Hajawahi kuniletea hata jani.

Ananiita kaka kila sentensi. Niimbe kwa namna ya chama, basi. Mwakani, siku za kuwapokea wafu, roho zao zinaporudi nyumbani, watanilaki stesheni kwa ngoma. Nafasi yangu kwenye kaburi la wazazi ipo. Nikamuuliza: na nikiimba na mguu kwa jina la Kuzumata?

“Kaka, makaburi yapo kwenye ardhi ya chama. Mimi ni mtu mmoja. Wenzangu ni wakali.”

“Na wewe?”

“Mimi nimekuletea figili.”

Nikamwomba aniimbie kidogo. Akaketi wima, akaimba vizuri sana. Nilimtazama magoti: hayakutikisika. Ni mdogo kwangu kwa miaka minne — alilala mgongoni mwa Mama, Mama akitwanga! Nikamuuliza kama anakumbuka. Akasema chai yangu ni chungu.

Honi nje. Nagisa. Tokuzo amesimama mlangoni na viatu vyangu mkononi, anasema tuzungumze kwanza kiukoo. Nimemwomba dakika, naandika haya nimevaa koti. Bado amevishika. Nitakwenda na soksi, nikaimbe na mguu.

Kwetu sitarudi.