Darasa Chini ya Jina

Alhamisi

Leo chama chetu cha waajiri kilinituma Gahanga, kwenye tanuri la matofali la Mzee Célestin, kuchukua karatasi ya kanuni zetu za hiari. Inasema hapa hakuna mtoto anayefanya kazi, na kila mfanyakazi anaisaini.

"Hii ya hiari ndiyo nzuri, dada," aliniambia huku akinifungulia soda. "Sheria inakuletea wakaguzi. Hii inakuletea wateja."

Nikapitia majina. Moja lilikuwa na mwandiko mzuri kuliko yote, limepigiwa mstari kwa rula, na chini yake: P5 B, yaani darasa la tano la shule ya msingi. Kama wanafunzi wanavyoandika kwenye karatasi ya mtihani.

Nikamwonyesha. Hakuona hata haya.

"Aa, huyo. Ndiye aliyewasomea wenzake. Wengi hawajui kusoma."

Akachukua kalamu, akalikata lile darasa, akaacha jina.

Nilipaswa kuikataa pale pale. Nilijua. Nikasaini chini kabisa, kwenye nafasi ya shahidi, nikaitia kwenye bahasha.

Halafu nikamaliza soda yangu. Hata chupa nilimrudishia kwa mikono miwili, nikasema asante.