Kiyoyozi cha Chumbani kwa Mama

Nyumbani kwetu,
Chumba cha mbele,
Jumatatu, asubuhi ya mvua.

Mpendwa Kaka,

Pokea shikamoo ya mdogo wako. Hujambo huko? Wifi hajambo, na watoto? Yule wa mwisho aliyekuwa kibogoyo kwenye picha, meno yameshaota? Mimi ni mzima, ila mgongo unanikumbusha umri kila ninapoinama kufagia. Mama naye yupo. Nilitaka kuandika kwamba hajambo, kalamu ikagoma.

Utajiuliza kwa nini barua ya karatasi zama hizi. Simu ya nyumbani anaishika Mama. Wewe ukipiga anaweka sauti kubwa, na mimi nikipiga yangu pembeni ananiuliza nilikuwa naongea na nani. Ningekutumia ujumbe, lakini ujumbe unausoma ukiwa kazini na kunijibu kwa kidole gumba. Hili nataka ulisome umekaa.

Ni habari ya kiyoyozi. Usikunje barua, siombi pesa.

Unakumbuka siku kilipofungwa ulivyoshangilia kwenye simu. Nasi tulishangilia. Mkandarasi wako, ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Upepo, na si kwa ajili ya viyoyozi bali kwa ahadi zake, alisimama mlangoni kwa Mama, akachungulia kama anayetafuta kuku aliyepotea, akasema chumba amekielewa. Futi ya kupimia haikutoka mfukoni. Hakuuliza dirisha linapigwa na jua la asubuhi au la jioni, wala humo wanalala wangapi. Wakaingiza dude ambalo ilibidi kabati lisogezwe ndipo lipate pa kukaa ukutani. Mama akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni la nyumba nzima.

Sasa sikia linavyofanya kazi. Linanguruma, na kufumba na kufumbua chumba ni baridi tupu, kisha kimya, limezima lenyewe. Baada ya muda joto linarudi, na safari hii lina majimaji. Linawaka tena, linazima tena, kutwa nzima. Shuka zikawa kama zimeanuliwa kabla ya kukauka. Koti la marehemu Baba, lile ambalo Mama alikataa kumpa mtu, likaota ukungu mweupe mabegani. Nyuma ya kitanda yakatokea madoa meusi. Nikayasugua, yakarudi. Ndipo kikohozi cha Mama kikaanza.

Nikamwita Bwana Upepo. Kwanza alisema chujio limeziba kwa uchafu, kwenye mashine mpya! Safari nyingine akasema tunafungua mlango ovyo. Alipokuja tena akaniambia wazee ndivyo walivyo, husikia baridi hata juani, na hapo uvumilivu ukanitoka.

"Na koti nalo limezeeka, ndiyo maana limeota ukungu?" nikamuuliza.

Akacheka, akakunja ngazi yake, akaaga kwa adabu zote. Yule bwana anajua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kikohozi kilipozidi nikampeleka Mama kwa daktari. Alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akauliza analala wapi. Nilipomweleza, akasema asilale tena mle. Tangu hapo Mama analala kwenye kochi sebuleni, miguu juu ya stuli, dirisha wazi, na ile feni yetu ya zamani inayolia kama mlango usio na mafuta. Kaka, sikufichi, amekonda. Anaanza kusema jambo, anapumzika katikati, halafu anasahau alikuwa anaelekea wapi. Mimi ninaogopa.

Kwa hasira hiyo nikamfuata Bwana Upepo dukani kwake. Nilikuta wateja, nikafurahi, maana nilitaka wasikie. Sikuuma maneno. Aliniacha nimalize yote, kisha akajifuta mikono.

"Dada yangu, mimi nilifunga nilichoambiwa na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba yuko kwenye kochi anakohoa."

"Mwenye nyumba kwangu ni yule anayenipigia simu."

Nikamwita mwongo mbele za watu. Hakubishana. Alitoa simu yake, akabonyeza, akaniwekea sikioni sauti. Ilikuwa yako, Kaka. Ulikuwa unamwambia asikuletee hadithi za vipimo, asimbanie mama yako, aweke kubwa kuliko zote alizonazo. Nilitafuta pa kuuficha uso wangu nisipaone.

Basi akanieleza, bila maringo. Mashine inapokuwa kubwa kuliko chumba inapoza hewa upesi mno, inajiona imemaliza kazi, inalala kabla haijanyonya unyevu uliomo. Ile ndogo hufanya kazi polepole, na kwa kuchukua muda wake ndiyo hukausha chumba. Kwa chumba cha Mama ndogo ingetosha na kubaki, na anasema alikwambia. Sikumwachia hivyohivyo, usifikiri. Nilimwambia fundi anayejua ubaya wa kitu na akakifunga, tena bila kuwaonya wanaolala humo, hana tofauti na asiyejua. Akakubali kwa kichwa. Akasema yuko tayari kulishusha na kufunga dogo, ila hathubutu kugusa mashine yako kwa maneno yangu. Anataka neno lako tu, na kesho yake atakuja na ngazi.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wewe hupo, na lako ndilo linalotawala chumba.

Najua maneno yale yalitoka wapi, Kaka. Wakati Baba anaumwa ulikuwa unaniuliza kila siku kama kuna joto, na mimi nilikuwa nakwambia kweli, kwamba anatokwa jasho hadi godoro linalowa na sisi tunampepea kwa kipande cha boksi. Ukashindwa kupata ruhusa ya safari. Tulimzika bila wewe. Ulipopata kidogo ukataka Mama asitokwe hata na tone la jasho. Nililijua hilo palepale dukani, na ndiyo maana nilirudi nyumbani sina hasira nawe hata kidogo. Hasira ilikuja baadaye, ikaondoka.

Nilimweleza Mama kwamba mambo yamekwisha, neno lako moja tu linatosha. Akanitazama.

"Hutamwambia," akasema. "Mwanangu hakuweza kumzika baba yake. Ile mashine ndiyo mkono wake humu ndani. Iache ilipo."

Nikambembeleza, nikamtania, nikanuna. Unamjua mama yako. Alinifunga mdomo, mimi Kidomo, na nimekaa na jambo hili kooni mpaka leo. Ninavunja amri yake kwa sababu kuna kitu kimoja hukijui, na nikikinyamazia nitakijutia.

Chumba kile sasa tunakifunga. Haingii mtu. Lakini Jumapili alasiri, simu yako inapolia, Mama huinuka kwenye kochi, huvaa sweta, hujifunga shuka mabegani, huingia mle na kufunga mlango. Anawasha kiyoyozi, anakaa kitandani chini yake, ndipo anapokea. Ndiyo maana simu yako huita muda mrefu. Wewe husema, "Nasikia inavuma, Mama!" naye hucheka na kukwambia analala kama malkia. Mimi nipo nje ya mlango nayasikia yote. Mkimaliza hutoka ameshika ukuta, anakohoa mpaka machozi, na jambo la kwanza analoniuliza ni kama nimesikia ulivyofurahi.

Jana mliongea sana. Nawe ulikuwa na furaha, ulimsimulia habari za watoto mpaka nikajikuta naomba salio likuishie. Leo hajainuka kunywa chai.

Nisalimie Wifi, mwambie nguo alizotuma zinanikaa. Wabusu watoto, na huyo kibogoyo mwambie shangazi yake wa kwenye simu anamuulizia. Mjomba na Mama Mdogo wanakusalimu, na jirani yetu mshonaji pia, ambaye sasa ndiye anayemletea Mama uji akiona mimi nimechelewa kazini. Mungu akuzidishie palipopungua, na akurudishe nyumbani ungali na mtu wa kumwita Mama.

Mpigie Bwana Upepo umwambie alishushe lile dude. Na Jumapili, kama atakuwa bado hajaja, Mama akipokea na ukasikia mashine inavuma, usimgombeze wala usimwambie nimekuandikia. Mwambie tu aizime, unataka kumsikia yeye.

Ni mimi nikupendaye, hata nikinuna,
Mdogo wako,
Kidomo