Tete Lililopita Usoni

Jumamosi, 3 Mei

Tumepata! Nimerudi na tope mpaka kwenye nyusi na wala sijali.

Korongo taji. Mume na mke, na kiota! Si kule mbele kwenye kibanda kipya cha kutazamia ndege wanakojazana watu wa grupu letu na vitafunio vyao. Huku nyuma ya bwawa la hifadhi, kwenye kibanda cha zamani, kile cha mbao zilizooza ambacho hata mlinzi alishakisahau. Wifi ndiye aliyewaona kwanza. Akanifinya paja. Paja limevimba. Basi, nimesamehe.

Mayai matatu. Tuliyaona pale mmoja alipoinuka kumpisha mwenzake aje kulalia. Wanapokezana zamu, na hakuna anayenung'unika — mume wangu angefaa aletwe aone. Wifi alilia. Mimi nikajifanya nafuta lenzi.

Kasoro moja tu: tete. Limepinda, likapita katikati ya uso wa ndege kuanzia shingoni mpaka kwenye taji. Nimepiga picha, nikapiga, nikapiga, zote korongo ana mstari usoni kama mtu aliyefungwa bendeji. Wifi akasema angekuwa na mkono mrefu angelisogeza kidogo tu. Nikamwambia thubutu! Tukacheka, tukazibana midomo.

Halafu kiapo chetu cha siku zote. Kiota hakitajwi. Si kwenye grupu, si nyumbani, si kwa mlinzi. Mpaka makinda yatoke yatembee. Kwenye simu tunakiita "mgonjwa".

Jumapili, 4 Mei

Mama mkwe kanisikia nikimuuliza wifi mgonjwa kaamkaje. Sasa anataka kujua nani kalazwa, na kwa nini yeye ni wa mwisho kuambiwa. Nimemwambia ni shangazi wa mteja wangu. Akasema atamwombea. Haya, korongo wanaombewa!

Jumamosi, 10 Mei

Mgonjwa anaendelea vizuri. Tete bado lipo. Picha zangu zote zina bendeji.

Watu hawaamini mawifi wanaweza kupendana namna hii. Mwenzangu wa duka la miwani aliniuliza juzi, huyo ni wifi au shoga? Vyote. Mama yangu alipofariki nilikaa kitandani nimegeukia ukuta, watu wanakuja wanasema pole wanaondoka. Yeye hakusema pole. Alikuja asubuhi, akanivisha darubini shingoni, akasema, "Njoo uangalie kitu ambacho hakikujui." Nikaenda na khanga niliyolalia. Nadhani siku ile aliniokoa. Sijawahi kumwambia.

Leo kwenye gari akaniambia hifadhi imetangaza shindano la picha, na atakayeshinda wanamwajiri awe mpiga picha wao. Tangu studio aliyokuwa akifanyia kazi ifungwe amehangaika sana, nguo zake nzuri zote kaziuza. Nikamwambia apeleke yule mdiria wake mwenye samaki mdomoni. Akasema mdiria kila mtu anaye. Nikamwambia subiri basi makinda ya mgonjwa yatoke, upige yakitembea na mama yao. Akasema mwisho wa kupokea picha ni wiki ijayo.

Nikawasha redio.

Jumatatu, 12 Mei

Wifi kaja kula nasi. Kaomba mundu wangu. Nikamtania, unakata nyasi gani wewe ambaye ua wako wote ni simiti? Akasema anataka kwenda kusafisha kaburi la baba, nyasi zimekuwa ndefu na anaona aibu.

Nikajisikia vibaya kwa utani wangu. Baba mkwe alikuwa mtu mwema, na sisi hatujaenda kule siku nyingi. Nimetoka na tochi mpaka stoo, nikauleta, nikaupitisha kwenye jiwe kabisa usimsumbue. Mume wangu alikuwa anatafuna tu.

Jumatano, 14 Mei

Mume kachukua gari, eti breki. Karudi jioni suruali tope mpaka magotini. Anasema uwanja wa gereji umejaa maji. Nimeifua na mabrashi mawili. Gereji gani hiyo, ya viboko?

Ijumaa, 16 Mei

Wifi kapiga. Anashauri kesho tusiende, wala Jumamosi ijayo. Tumwache mgonjwa apumzike, tusije tukamzoesha harufu za watu. Nimeona aibu kwamba hilo sikulifikiria mimi. Ndiyo maana nampenda, anawaza ndege kwanza.

Alhamisi, 29 Mei

Mwandiko mbaya leo.

Nilikuwa dukani, nasaga kioo cha miwani ya mzee mmoja mwenye macho hafifu. Simu ikaanza kulia mfululizo. Grupu. Hongera, hongera, maua, makofi. Hifadhi wametoa picha tano zilizoingia fainali na ya wifi ni mojawapo. Nikaruka! Nikamwambia mwenzangu shika hapa, wifi yangu huyo! Nikafungua.

Korongo taji kwenye kiota, amesimama, mabawa nusu wazi, shingo imenyooka, taji limesimama lote. Mayai matatu miguuni. Watu wameandika "kapozi kama bibi harusi".

Hakupozi. Nimewaangalia wale ndege kwa saa nyingi, najua wakitulia wanavyokuwa. Huyu kaogopa. Huyu anamwambia mtu ondoka.

Na uso wake ni safi. Hakuna mstari. Nikaikuza picha, nikaikuza tena. Tete halipo. Si kwamba wifi kasogea upande — kile kigogo cheusi cha nyuma kiko palepale kilipo kwenye picha zangu zote. Ni pembe ileile, kibanda kilekile. Tete ndilo halipo. Na yale matete mengine ya mbele yaliyokuwa yanakificha kiota, hayapo.

Kioo cha mzee nimekiharibu. Nimemwambia arudi kesho.

Nimempigia wifi. Hajapokea. Kanitumia ujumbe: "Wifi nakupenda, nitakueleza." Mtu hakuelezi kitu kizuri kwa namna hiyo.

Ijumaa, 30 Mei

Labda ni upepo. Labda ni kiboko au ng'ombe wa mtu kaingia akala. Nimejiambia hivyo tangu asubuhi. Mtu mzima, najidanganya kama mtoto.

Jumamosi, 31 Mei

Nimeenda peke yangu. Mume aliuliza naenda wapi, nikasema sokoni.

Kwenye geti nilimkuta Gambuti, mlinzi wetu, tunamwita hivyo kwa sababu hata kwenye harusi ya bintiye alivaa gambuti. Akanipa hongera ya wifi. Halafu akasema alishangaa Jumatano ile kutoniona, maana wifi alikuja na mume wangu, akadhani na mimi nimo kwenye gari nimesinzia.

Nikamwuliza mume wangu yupi. Swali la kijinga! Akacheka, akasema kwani una wangapi?

Nimetembea mpaka kibanda cha zamani. Matete yamekatwa. Yamekatwa vizuri, chini, sawasawa, kwa mundu wenye makali. Njia nzima ya kutokea kibandani mpaka kwenye kiota imekuwa nyeupe kama kichwa kilichonyolewa. Makali yale nimeyatia mimi, kwa mkono wangu, kwa ajili ya kaburi la baba.

Kiota kitupu. Maganda. Kunguru wawili bado walikuwa wanazungukazunguka pale, wameshiba, hawana haraka. Nimewarushia kiatu. Nimeingia majini kukifuata kiatu na nimelia humohumo majini nikiwa nimekishika.

Korongo wapo ng'ambo ya bwawa. Wote wawili wamesimama tu. Hawali. Nilikaa muda mrefu, hawakusogea upande wa kiota hata kidogo.

Gambuti nilimkuta tena wakati wa kutoka. Aliniona nilivyolowa, akanipa taulo lake.

Jumapili, 1 Juni

Nimemwuliza mume wangu mezani. Sikupiga kelele. Nilimwuliza, breki zilipona?

Akaweka kijiko chini. Akajikuna shingo, anavyofanya siku zote akishikwa. Akasema wifi alimwomba msaada, hawezi kuingia kwenye tope peke yake, na alimwambia asiniambie kwa sababu nitakataa.

Nikasema basi ulijua nitakataa.

Akakiokota kijiko, akakiweka tena.

Nikamwuliza na kaburi? Ulikuwa umekaa hapohapo, dada yako anamtaja baba yenu ili apate mundu wangu, na wewe unatafuna! Akasema hilo la kaburi hata yeye lilimshtua. Likamshtua, lakini akaendelea kula.

"Ni dada yangu," akasema. "Ningemkataliaje?"

"Na mimi ni nani?"

Akasema nisikuze mambo, ni mayai tu, ndege watataga tena. Huyu ndiye niliyemfulia suruali. Nimeinuka nikaenda kuoga ili nisiseme nitakachojutia. Usiku nimelala chumba cha watoto. Mdogo kaniuliza kama nimekosana na baba, nikasema baba anakoroma. Akaniamini, maana kweli anakoroma.

Kinachoniuma si yeye, sijui kwa nini. Yeye nilishamzoea, ni mtu wa kupenda amani hata kama ni ya uongo. Kinachoniuma ni yule aliyenivisha darubini. Alinipigia akaniambia tumwache mgonjwa apumzike! Siku mbili baada ya kumkatia matete! Na mimi nikaona aibu, nikamsifu humu humu. Nimefungua ukurasa ule nikausoma tena. Nimefanywa mjinga, na nimejiandikia mwenyewe.

Jumatatu, 2 Juni

Haijaisha! Kumbe bado kuna lingine.

Mama mmoja wa kamati ya shindano kanipigia simu dukani. Sauti ya upole, kama ya mwalimu wa chekechea. Anasema picha yoyote ya kiota lazima iwe na mtu wa kuithibitisha, mzoefu, anayekijua kiota, aseme ndege hawakusumbuliwa na hakuna kilichoguswa. Wifi kaandika jina langu. Anasema picha ndiyo inayoongoza, nimebaki mimi tu.

Jina langu! Hakuniomba. Aliliweka kama mtu anavyoweka sufuria jikoni kwake.

Nikamwambia nina mteja. Akasema hakuna shida, atapiga Jumatano jioni nikiwa nyumbani nimetulia.

Jumanne, 3 Juni

Ujumbe wa wifi: "Nikipata kazi hii nitawalinda ndege wote wa pale. Fikiria hilo."

Nimelifikiria. Kutwa nzima. Na kibaya zaidi ni kwamba naamini angewalinda kweli.

Mume anasema nikisema ukweli nimemmaliza dada yake, hakuna hifadhi itakayompokea tena, na mama mkwe hatanisamehe. Nikamwuliza nikisema uongo nitakuwa nimemmaliza nani? Akasema hakuna. Akasema hivyohivyo: hakuna.

Jumatano, 4 Juni

Nimetoka dukani mapema. Nimeichapisha picha moja kwenye karatasi, ya tarehe tatu Mei, ile ya bendeji. Nimeiweka mezani sebuleni, kando ya simu.

Wifi kaja. Sikumwita, nadhani kaka yake ndiye aliyemwita. Kakonda. Karudisha mundu, kaufunga kwenye gazeti, kauosha na kuunoa. Nimeupokea. Nimesema asante! Mazoea mabaya haya.

Akakaa ukingoni mwa kochi kama mgeni. Hakujitetea, hilo nampa. Alisema aliyaona matete yameanguka akajua amekosea, lakini alikuwa ameshaingia majini, na mwanga ulikuwa mzuri. Akasema hajalala vizuri tangu siku hiyo. Akasema sihitaji kudanganya, niseme tu kwamba siku ile sikuwepo, sijui chochote, mengine watajua wenyewe. Mume wangu akadakia kwamba huo nao ni ukweli. Sikumtazama.

Halafu wifi akaiona picha. Akaichukua, akanyoosha mkono kuitazama kwa mbali kama anavyofanya siku zote, jicho moja kalifumba. Kaitazama mpaka nikaona chozi linamdondoka kwenye goti.

"Hii umeipiga vizuri, wifi," akasema. "Ametulia kabisa."

Mume wangu akauliza nani katulia, mbona picha ina jani usoni.

Nyumba nzima hii, ni wifi peke yake ambaye angeliona hilo. Ndiyo maana nimekimbilia huku chumbani, nimefunga mlango, naandika nimesimama.

Wananong'ona.

Nimewaambia wasiondoke. Nimewaambia simu nitaiweka sauti ya juu, tusikie wote watatu nitakachosema. Mume kauliza utasema nini. Wifi hakuuliza.

Simu inaita.