Soksi Juu ya Viatu

Dada Rehema mpenzi,

Nakusalimu wewe na mwanangu Amani. Usinune nikikwambia kwamba soksi ulizonifumia nimezivaa juu ya viatu. Ni ushauri wa Jaswinder, Mhindi wa kwetu Nakuru ninayesomea naye unesi hapa Birmingham. Barabara zote ni barafu tupu, na soksi huzuia kuteleza.

Jana ilikuwa siku ya kuchagua timu ya mbio ya manesi. Maili nane, na atakayetembea hata hatua moja anaachwa. Mwenzio nilitaka sana kuchaguliwa, maana timu hupigwa picha, na nahofia Amani ataisahau sura yangu.

Tukakimbia kandokando ya mfereji, wenzetu wakianguka kama viazi vya gunia lililotoboka. Njiani mzee mmoja mwenye mbwa akatusalimu. Mimi kwa adabu za nyumbani nikapunguza mwendo, nikataka kumpa mkono. Jaswinder akanivuta sweta. "Mama Amani, utamwuliza na mbwa ameamkaje? Twende."

Maili ya saba nyayo zangu zikafa ganzi kwa baridi, nikaanza kulia. Jaswinder akaniambia, "Lia tu, dadangu, lakini usitembee." Basi nikalia huku nakimbia hadi mwisho.

Nimechaguliwa, Dada. Picha ikifika, mwekee Amani mahali anapopafikia, aishike hata kwa mikono ya uji. Nawabusu nyote wawili, yeye mara nyingi zaidi.

Mdogo wako,
Zawadi